Sufuria Iliyokombolewa kwa Zinki

Lori la maziwa lilirudi kutoka Korogwe mapema kuliko kawaida yake, na lilirudi na mzigo wote. Dereva hakutaka hata kuzima injini. Alifungua bodi la nyuma akawaambia vijana washushe madebe yao, maziwa yamechacha na wenyewe kule wameyakataa, na kama Kijiji cha Azimio kimeamua kuuza mtindi basi kitafute gari jingine la kuubeba.

Chausiku alikuwa anakuja na bakuli la uji wa mumewe aliposikia maneno hayo. Alipita katikati ya madebe, harufu kali ikimpanda puani, akaingia ghalani. Humo ndani, mahali ambapo siku zote ulikuwa ukiingia unajifunika kanga kwa baridi, palikuwa na joto la kawaida la Handeni. Mumewe Sadala alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine, ameifungua tumbo. Katibu wa kijiji, Simeo, kijana wa Kishambaa aliyetokea Kwashemshi, alikuwa amesimama nyuma yake, mikono kiunoni.

Mabomba ya shaba yaliyokuwa ndani ya mashine yalikuwa yameota unga wa kijani. Sadala alibonyeza moja kwa kidole gumba tu, likatoboka kama ganda la kitunguu.

"Zinki ziko wapi?" Simeo aliuliza.

Sadala alijipangusa mikono polepole, kidole kimoja kimoja. "Zimekwisha."

"Zimekwisha vipi? Wewe mwenyewe uliiambia kamati kwamba kopo lile litatufikisha mpaka masika ya mwakani."

"Zimekwisha, katibu. Sina jibu jingine."

Chausiku aliliweka bakuli chini sakafuni. Yeye alijua zinki zilikokwenda. Wanawake wote wa Azimio walijua.

Mashine yenyewe haikuzaliwa kwa ajili ya maziwa. Ilizaliwa kwa ajili ya mabwana. Ilikuwa ndani ya boti moja la doria kule Tanga, ikipoza chumba cha wakubwa wasije wakatoka jasho wakiwa kazini. Boti lilipochakaa likaanza kukatwakatwa, mtu mmoja aliyekaa juu sana akaona kwamba kilichokuwa kikipoza mabwana sasa kipoze jasho la wakulima. Ikaletwa Azimio, kijiji cha ujamaa kilicho ng'ambo ya Sindeni, kwa ngoma na hotuba, ikafungwa ghalani ili maziwa ya jioni yalale humo bila kuchacha mpaka lori la asubuhi. Ikaja pamoja na Sadala. Yeye alikuwa msaidizi wa fundi katika boti lile, Mzigua wa hapo hapo, na wenzake walimcheka kwamba ameondoka kijijini kutafuta mke mjini, amerudi na bomba.

Shida ilikuwa maji. Mashine ya namna ile haipoi bila maji kupita tumboni mwake kutwa kucha. Baharini yalipita maji ya bahari. Azimio yalipita ya kisima, na kisima cha Azimio ni bahari iliyokosa samaki tu. Chumvi ile hula chuma, hula shaba, hula hata ndoo. Dawa yake ni vijiti vya zinki, vinene kama kidole cha mtu mzima, vinavyofungwa kwa skrubu ndani ya vifuniko pale maji yanapoingilia.

"Chumvi lazima ile," Sadala alikuwa akiwaeleza wanakamati. "Ukiinyima kabisa, itakula bomba. Basi unaitangulizia zinki. Ikiimaliza unaweka nyingine. Hata siku moja usiiache na njaa."

Wazee wakaafiki kwamba hiyo ni kafara, jambo wanalolijua. Juu ya zinki, Sadala alikuwa na desturi ya kuisuuza mashine kila juma kwa debe la maji ya mvua. Hapo ndipo palipokuwa na ugomvi nyumbani. Maji ya mvua Azimio ni mali. Watoto wanakunywa ya kisima yenye kukwaruza koo, halafu baba yao anachukua debe zima la maji matamu kwenda kuosha tumbo la chuma. Chausiku aliiita mashine ile mke mwenziwe, na hakuwa akitania sana.

Kopo la zinki lilikaa uvunguni mwa kitanda chao. Kufuli la ghala lilikuwa limekufa siku nyingi, na kila kamati ilipokaa ilikubali kwamba kufuli jipya linunuliwe.

Mahindi yalipokuwa yanabeba, mama yake Sadala, Bibi Mwanaidi, akafariki. Watu wakajaa, na watani wakaja, kwani msiba wa Wazigua bila Wanyamwezi ni msiba wa kupooza. Kinara wao alikuwa Fransisko, mzee aliyekuja ujanani kukata mkonge, akazeekea Korogwe, akiziba ndoo na kutengeneza koroboi pale Manundu. Alikuwa amezika nusu ya ukoo wa Sadala kwa vichekesho. Siku ile alilala kaburini akadai ya kwake bado haijachimbwa, akavaa kanga ya marehemu na kutembea kama marehemu alivyokuwa akitembea, mpaka waliokuwa wanalia wakalia kwa kicheko. Kisha, wakati wanaume wanamalizia makaburini, akarudi nyumbani peke yake, akaipindua sufuria kubwa ya marehemu, akaikalia.

Sasa desturi ya utani ni hiyo: anachokamata mtani msibani ni chake mpaka kikombolewe, na hupati kukasirika. Sufuria ilikuwa moja tu ya kutosha umati ule. Kuni zilikuwa zimeshika, mwanamke mmoja, Fatu, anachochea moto, unga na maharage viko tayari. Chausiku akampa kanga. Fransisko akasema kanga ya Mzigua ina chumvi, itamwasha. Akampa kuku, Fransisko akamwambia kuku huyo ni mgonjwa, anafanana na wenyewe. Alitaka kitu kizito, kwa kuwa marehemu alikuwa mzito wa maneno. Wanawake walikuwa hoi kwa kicheko na jua lilikuwa linakwenda. Chausiku akaingia ndani, akapapasa uvunguni, akagusa kopo. Likasikika kama lina misumari ya zamani. Akalitoa.

Fransisko alilitikisa sikioni, akakubali bei, akashuka juu ya sufuria. Watu walikula wakashiba. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Muhidini, alisifu maharage yale mara mbili.

Alichotoa, Chausiku alikitambua baadaye, siku alipomwona mumewe amelala kifudifudi sakafuni, mkono wote uko uvunguni, anapapasa kama kuna kijiti cha zinki kilichodondoka. Mumewe hakumuuliza kitu. Naye hakusema. Alijiambia kwanza arobaini ipite. Ilipopita akajiambia zitaletwa nyingine kutoka Tanga. Neno lisilosemwa siku ya kwanza huwa zito ya pili, na yeye alilibeba mpaka maziwa yakachacha.

Habari za uhujumu zilienea kijijini kabla madebe hayajaoshwa. Chausiku alipokwenda duka la kijiji kuchukua sukari, Fatu, ambaye ndiye aliyekuwa akiuza humo, alimwambia imekwisha. Gunia lilikuwa nyuma yake, mdomo wazi, na upawa umesimama ndani.

"Hiyo je?" Chausiku aliuliza.

"Hiyo ya wanakijiji."

Kulikuwa na wanawake wengine pale wamepanga foleni. Mmoja akaanza kuchunguza kucha zake. Wote hao walikuwapo siku ya sufuria, na Fatu mwenyewe ndiye aliyekuwa akichochea zile kuni. Chausiku aliwatazama kwa zamu, na kwa mara ya kwanza akaelewa kwamba hawakuwa wamesahau. Walikuwa wamenyamaza makusudi, kila mmoja akihofia kuulizwa na yeye alikuwa akicheka nini. Aliondoka na mfuko wake mtupu, na aibu ikamchoma kuliko kama angetukanwa.

Alasiri Mzee Muhidini akaja nyumbani kwao. Alikataa kiti, kisha akakikubali. Alizungumza na Sadala kwa upole, lakini Chausiku aligundua kwamba tangu ameingia hajamwita Ndugu hata mara moja, na mwenyekiti yule alikuwa mtu wa kumwita Ndugu hata mbuzi. Alieleza kwamba wilayani wamepata habari. Ijumaa baada ya swala atakuja bwana mmoja kutoka Handeni, na mkutano wa kijiji utafanyika mbele yake. Maziwa yamemwagika, mashine imekufa, zinki za umma hazionekani. Mambo matatu hayo hayawezi kukosa mwenyewe.

"Wilaya haitaki mashine, mwanangu," alisema. "Inataka mtu. Ukisema uliziuza kwa fulani, yatagawanyika. Ukinyamaza, utaondoka nao wewe peke yako, na nyumba hii ni ya kijiji, atapewa mwingine. Mimi sitakuwa na mdomo wa kuizuia."

"Sikuziuza, mzee."

"Basi ziko wapi?"

"Zimekwisha."

Mzee Muhidini aliitazama ile sufuria kubwa iliyokuwa imeegemezwa ukutani, akainuka, akaaga. Kama alikumbuka maharage yale, hakusema.

Chausiku alingoja mpaka fimbo ya mwenyekiti isisikike tena njiani. Kisha akakaa chini mbele ya mumewe, miguu ameikunja, kama mtu aliyekuja kuomba radhi kwa wakwe.

"Baba Tatu, zile zinki nilizitoa mimi."

"Najua."

Alikuwa amejiandaa kwa kelele, kwa talaka, kwa kofi hata. Neno hilo moja lilimwangusha vibaya zaidi.

"Umejua lini?"

"Siku ile ile. Natoka makaburini, namwona Fransisko amekaa kivulini amekumbatia kopo langu. Akaniambia mkeo kakomboa sufuria vizuri. Nikacheka. Ningefanyaje?"

"Ungemfuata kesho yake ukamwambia akurudishie."

"Nimdai mtani?" Sadala alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Kitu alichopewa kukombolea sufuria msibani kwa mama yangu? Hata angenipa, ningekwenda kukaa na nani tena? Nilipeleka maombi Tanga, nikaambiwa zitakuja. Nikasema nitaishikilia kwa maji ya mvua mpaka zije. Badala ya debe moja kwa juma, mawili, matatu."

Chausiku alikumbuka. Majuma yale ndiyo aliyogombana naye mpaka majirani wakasikia. Ndiyo aliyoficha debe la maji ya mvua nyuma ya kihenge na kuapa kwamba limevuja. Alijiona mjinga na mbaya, vyote kwa pamoja.

"Nitasimama mkutanoni niseme," alisema.

"Useme nini? Mke wa mtunza mashine kaitoa mali ya umma nje kwa mkono wake, mume akajua, akanyamaza. Hapo watachukua wawili. Tatu na wadogo zake utamwachia nani? Mama ndiyo huyo tumemzika." Akasimama. "Nyamaza, mama Tatu. Tayari wameshapata mmoja."

Siku ya Alhamisi Chausiku alimwambia mumewe anakwenda kumwona shangazi yake Mashewa. Akadandia lori la magunia, akashuka Korogwe, akauliza njia ya Manundu ingawa aliijua, ili asikie sauti yake mwenyewe kama bado inafanya kazi.

Fransisko alikuwa chini ya kibanda chake cha mabati, ndoo iko mapajani, moto wa mkaa pembeni.

"Shikamoo, mtani," Chausiku alisema.

"Nimekataa. Mke wa Mzigua haamkii bure, ana shida ya chumvi. Imekwisha kisimani?"

Chausiku alitaka kujibu kwa utani, kama ilivyo heshima. Badala yake akalia. Fransisko aliweka ndoo chini. Aliyasikiliza yote, maziwa na mabomba ya kijani na bwana wa Ijumaa, bila kumkatiza, jambo ambalo pengine hakuwa amelifanya kwa Mzigua yeyote tangu alipoiacha Tabora.

"Mtani, kama zipo, nizikomboe," Chausiku alimalizia. "Taja chochote."

Mzee yule alinyoosha mkono, akachukua chupa yenye maji ya kijivu. "Hizo hapo. Zinki hutiwa kwenye maji makali, yanachemka yenyewe, yanaila mpaka inayeyuka. Ndiyo maji ya kupakia bati ili risasi ya kuzibia ishike. Zinki nzuri kama zile sikuwa nimepata miaka. Ndoo zote unazoziona kisimani Manundu zimezibwa na kopo lako." Akapekua kwenye sanduku la vifaa, akatoa kijiti kimoja, kimekatwa kipande. "Imebaki hii."

Walikitazama kile kipande. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mtu anaita abiria wa Tanga.

"Mimi nilidhani ni vyuma chakavu," Fransisko alisema. "Na wewe ulidhani hivyo hivyo. Na huyo mume wako mpumbavu alijua, akacheka na mimi." Akaanza kumwagia maji mkaa wake. "Kesho nitakuja. Lakini wewe utakaa na wanawake wenzako na utafumba mdomo. Kopo hukunipa. Nililichukua mwenyewe."

"Si kweli, mtani."

"Tangu lini nikakuambia kweli?"

Mkutano ulikaa kando ya ghala, upande wenye kivuli cha mabati. Bwana kutoka Handeni alikuwa kijana kuliko walivyotarajia, amevaa kaunda suti iliyopigwa pasi vizuri, na lugha yake ilikuwa ya mtu aliyezaliwa mbali na pwani. Alisema maneno mazuri kuhusu kupe na wanyonyaji. Akamsimamisha Sadala mbele ya watu, akamuuliza zinki ziko wapi. Sadala akajibu zimekwisha. Akamuuliza mara ya pili, sauti imepanda, na Sadala akajibu vile vile, macho chini. Tatu, binti yao mkubwa, alikuwa amekaa na mama yake. Alishika ncha ya kanga ya mama yake akaanza kuisokota.

Hapo Fransisko akaingia. Alikuja na ndoo kichwani kama kofia ya polisi, anatembea kwa gwaride, anapiga saluti kushoto na kulia. Mkutano mzima ukaangua kicheko. Watu walikuwa wamebanwa na woga tangu asubuhi, na kicheko kiliwatoka kama maji ya bomba lililopasuka. Mzee Muhidini mwenyewe alifuta machozi.

"Wazigua, mnamhukumu nani?" Fransisko aliuliza. "Huyu? Huyu hajui hata kuiba. Mwizi wenu ni mimi. Siku ile mnalia machozi ya uongo, niliingia chumbani, nikapeleka mkono uvunguni, nikalichukua kopo. Imebaki hii, nimewaletea mkaunge mchuzi." Akakiweka kile kipande cha zinki mezani, mbele ya bwana wa wilaya.

Kicheko kikazidi. Bwana yule hakucheka. Alikichukua kipande, akakigeuza.

"Jina lako?"

"Fransisko, mmiliki wa watumwa hawa wote."

"Umesema uliiba."

"Niliiba. Nawaibia tangu babu zao."

"Mwenyekiti, huyu mtu alichukua mali ya umma au hakuchukua?"

Mzee Muhidini alisimama, akakohoa. Alieleza kwamba huyu ni mtani, kwamba msibani mtani hukamata kitu na kikakombolewa, kwamba jambo hilo kwa kawaida haliitwi wizi. Alieleza vizuri, lakini sauti yake ilikuwa inapungua kadiri alivyoendelea, kwa kuwa alimwona mgeni wake ameanza kutazama saa.

"Sheria haina mtani, mzee. Ama alichukua mwenyewe, ama kuna mtu wa hapa aliyempa. Kama kuna aliyempa, naye nimwone. Asipokuwapo, gari lina nafasi ya mmoja. Mniambie awe mtunza mashine au awe huyu."

Fatu aliinamia mtoto wa mgongoni mwa jirani yake kana kwamba ameona ugonjwa. Wanawake wote waliokuwa wamecheka kuizunguka sufuria ile walitazama miguu yao. Chausiku alihisi magoti yakimwinua yenyewe. Alikuwa ameshanyanyuka nusu, mdomo umefunguka, Sadala anamtazama kwa macho ya kumsihi, ndipo Fransisko alipomgeukia na kupaza sauti.

"Kaa chini, mke wa Mzigua! Chakula bado."

Watu wakacheka tena. Na Chausiku akakaa.

Alikaa kwa ajili ya Tatu na wadogo zake, na kwa ajili ya Sadala. Na pia, hilo alilijua siku zote baadaye, kwa sababu aliogopa. Fransisko alipanda Landrover mwenyewe, ndoo bado iko kichwani, anamlalamikia askari kwamba kiti hakina mto. Waliendelea kucheka mpaka mlango ulipofungwa. Gari lilipogeuza na kushika njia ya Handeni, hapakuwa na aliyecheka tena, na Mzee Muhidini akasahau kufunga mkutano.

Sadala aliziba yale mabomba yaliyotoboka, akayaacha machache yaliyosalia kufanya kazi, akafunga kile kipande kimoja cha zinki. Mafundi waliokuja baadaye walijaza tena gesi, na kufuli la ghala likanunuliwa ndani ya siku chache. Mashine ikawa inapoza kwa nusu ya nguvu yake. Kila juma Chausiku alibeba mwenyewe debe la maji ya mvua kichwani, akalipeleka ghalani, bila neno. Sukari ilipatikana dukani, na Fatu alimpimia mpaka ikamwagika, na hawakutazamana usoni.

Mara mbili Sadala alikwenda Handeni na chakula. Mara zote mbili alipokewa chakula, hakuruhusiwa kuonana na mtu.

Mvua za vuli zilipoanza kunyesha, Fransisko alitoka. Kesi haikupata shahidi, wakamwachia. Kibanda chake Manundu alikuta kimeshachukuliwa na mwingine, pamoja na vifaa. Hayo waliyasikia kwa watu. Yeye mwenyewe walimwona alipokuja Azimio kwa miguu kutokea barabarani, amekonda, shati limemning'inia mabegani. Alipiga hodi. Hakuna aliyewahi kumsikia Fransisko akipiga hodi nyumbani kwa Mzigua.

Walimkaribisha, wakamletea maji, ya mvua. Alikunywa.

"Nimekuja kuchukua sufuria yangu," Fransisko alisema. "Zinki nilirudisha. Kwa hiyo haikukombolewa."

Chausiku alimchunguza uso kutafuta pale kicheko kinapoanzia. Alirudisha kipande kimoja tu, na kila mtu alijua. Lau ingekuwa zamani, Sadala angempigia kelele na nyumba ingechangamka. Uso wa mzee ulikuwa wa mtu anayedai chake. Sadala aliinamisha kichwa.

Chausiku aliichukua sufuria akaisugua kwa majivu na mchanga mpaka ikang'aa, akaisuuza kwa maji matamu. Fransisko alinyoosha mikono kuipokea. Chausiku akamkatalia, akajitwika mwenyewe, akatangulia.

Njia ya kwenda barabarani inapita katikati ya kijiji. Dukani, Fatu alitoa kichwa dirishani, na wateja wakageuka.

"Mama Tatu, shughuli wapi huko?" aliuliza, kwa sababu sufuria kubwa ikipita lazima pawe na shughuli.

Chausiku alisimama. "Hakuna shughuli. Naipeleka sufuria kwa mwenyewe. Siku ya msiba niliikomboa kwa zinki za kijiji, nilizitoa mimi kwa mkono huu, na wewe Fatu ulikuwa unachochea kuni. Mkutanoni nilikaa. Sote tulikaa."

Alisema kwa sauti ya kufika mpaka barazani kwa mwenyekiti. Mzee Muhidini alikuwa pale na wenzake, anakunywa kahawa. Alikishusha kikombe chake. Hakuna aliyemwambia anyamaze, na hakuna aliyemjibu. Chausiku akaendelea na safari, sufuria imenyooka kichwani, mzee akimfuata nyuma kwa hatua fupi.

Walipofika barabarani aliishusha, akaiweka miguuni pa mzee. Fransisko aliipindua, akaikalia, mikono juu ya magoti, kama alivyokaa siku ile. Chausiku alikuwa na kanga mpya mabegani, na nyumbani kulikuwa na jogoo. Angetoa vyote, angetoa chochote. Akasimama mbele yake akisubiri aitukane kanga, akisubiri amtajie bei.

Mzee aliitazama barabara upande wa Handeni, linakotokea basi. Lilipofika aliinuka, akaipakia sufuria yake, akapanda.